Kura na Ridhaa: Juu ya Kuwagawa Watu katika Majaribio ya Elimu ya Nafsi



Katika miji ya Texas tunamoishi, kama Houston, Dallas na Fort Worth, penye hospitali na vyuo vikuu vingi kuliko wengi wetu tulivyopata kuviona mahali pamoja kabla ya kuhamia huku, aghalabu mtu wa kwetu hupokea karatasi ya kumwalika ashiriki katika jaribio la kitaalamu. Pengine ni la dawa ya kuondoa sonona, pengine ni la namna ya kuwafundisha watoto kusoma, pengine ni la kupima tu jinsi mtu anavyokumbuka maneno aliyosomewa muda mfupi uliopita. Karatasi hiyo husomeka vizuri mpaka ifike pale inaposema kwamba mshiriki atawekwa katika kundi mojawapo kati ya makundi mawili au matatu, na kwamba kundi lenyewe halitachaguliwa na yeye wala na daktari wake, bali litaamuliwa kwa kura. Hapo ndipo wengi wetu hurudisha kalamu mezani. Huuliza, na wana haki ya kuuliza: mtu aliyesoma miaka yote hiyo, mwenye vyeti ukutani, yawaje aniache mimi kwa kudura ya kura kana kwamba hajui la kunifaa?

Nia yangu jioni hii ni kulijibu swali hilo kwa urefu, maana ni swali la haki na hustahili jibu lililo bora kuliko lile fupi ambalo wakati mwingine hutolewa mapokezini na mtu mwenye haraka. Nasema kwamba kura, ikipigwa mahali pake, ni pingu ambayo mtafiti huitia mikono yake mwenyewe ili matamanio yake yasimpotoshe; walakini kura peke yake si uadilifu, kwa sababu kabla ya kuipiga imekwisha amuliwa na mtu fulani nani aingie katika kura hiyo, ni mambo gani yapigiwe, na ridhaa ya nani itakiwe. Katika maamuzi hayo ya mwanzo ndimo mna heshima au dharau.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa daima. Liko swali la nani ataitwa kushiriki, na liko swali la wale walioitwa watagawanywaje. Kijana anayesoma somo la awali la saikolojia katika chuo kikuu cha Marekani, na wako vijana wetu wengi katika vyuo vya Houston, Arlington na Denton, huenda akatakiwa ajitolee saa kadhaa kama mshiriki wa majaribio ya walimu wake, naye hupewa alama kidogo kwa taabu hiyo, au huruhusiwa kuandika insha badala yake. Katika jaribio hilo anaweza kugawanywa kwa kura iliyo safi kabisa. Lakini waliomo chumbani wote ni wanafunzi, wote ni vijana, na wengi wao wamekulia katika nchi moja tajiri. Kwa hiyo kura itamwambia mtafiti kwa yakini kama jambo alilowafanyia vijana hao limewabadilisha, wala haitamwambia hata chembe kama lingembadilisha mama wa makamo wa Bukavu au mvuvi wa Pate. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili waliandika makala iliyowashtua wanasaikolojia wengi, wakionyesha kwamba sehemu kubwa ya yanayosemwa juu ya binadamu wote yametokana na watu wa aina hiyo moja tu, tena watu ambao katika mambo mengi hawafanani na walimwengu wengi. Kasoro hiyo ni ya mwaliko, wala si ya mgawanyo, na kuigawa hadhira nyembamba kwa uangalifu hakuipanui.

Sasa tuje kwenye mgawanyo wenyewe. Kwa nini mtafiti asiwaachie watu wajichagulie makundi? Kwa sababu wanaochagua jambo fulani huwa wanatofautiana na wasiolichagua kabla jambo lenyewe halijaanza: mwenye tumaini huenda kwenye tiba mpya, aliyechoka hubaki nyumbani, na baadaye tumaini lile huhesabiwa kuwa ni kazi ya dawa. Na kwa nini mtafiti mwenyewe asichague, yeye aliye mjuzi? Kwa sababu ujuzi wake ndio unaomponza. Atamtia mgonjwa aliye mahututi katika kundi analodhani litamwokoa, au atamwepusha nalo ili hesabu zake zipendeze, na yote hayo aweza kuyafanya bila ya kukusudia na bila ya kujua kwamba ameyafanya. Kura haimpendi mtu wala haimchukii. Haijui nani ni mzee, nani ana mke mwema wa kumwuguza, nani alikunywa chai asubuhi na nani hakunywa. Kwa hiyo watu wakiwa wengi wa kutosha, tofauti hizo zote, zinazojulikana na zisizojulikana, hutawanyika pande zote kwa kadiri inayokaribiana, na hiyo ndiyo faida ambayo hapana busara ya mwanadamu iwezayo kuileta, maana hapana awezaye kusawazisha asichokijua. Wanasaikolojia waliigundua njia hii mapema. Charles Sanders Peirce na mwanafunzi wake Joseph Jastrow, huko Baltimore, waliyatangaza mwaka 1885 majaribio yao ya kupima kama mtu aweza kuhisi tofauti ndogo mno ya uzito, na ili mpimwaji asipate kubashiri lijalo walichanganya karata na kuziacha zipange utaratibu, zaidi ya miaka arobaini kabla wakulima wa majaribio wa Uingereza hawajaifanya kura kuwa desturi.

Hayo ni maelezo ya kitabuni, na maelezo ya kitabuni hayatoshi kumtia mtu moyo wa kuweka sahihi. Natwaa basi mfano uliotendeka hapa hapa Houston, katika hospitali ya serikali ya wanajeshi wastaafu. Daktari J. Bruce Moseley, mpasuaji wa mifupa ambaye pia alikuwa tabibu wa timu ya mpira wa kikapu ya Houston Rockets, pamoja na Nelda Wray na wenzao wa chuo cha tiba cha Baylor, waliingiwa na shaka juu ya operesheni iliyokuwa ikifanywa Marekani zaidi ya mara 650,000 kila mwaka, kwa gharama ya takriban dola 5,000 kila moja. Ni ile ya kuingiza bomba jembamba lenye taa ndani ya goti lililoharibika kwa kulika, kulisafisha kwa maji na kukwangua sehemu mbovu. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu. Swali la daktari lilikuwa swali la elimu ya nafsi hasa: je, nafuu ile hutoka katika kisu, au hutoka katika itikadi ya mgonjwa kwamba amekatwa na kisu?

Hapakuwa na njia ya kulijua hilo ila kumwacha mtu mwingine aamini kwamba huenda amepasuliwa, ilhali hakupasuliwa. Baina ya mwaka 1995 na 1998 waliwapata wagonjwa 324 waliostahili, wakawaeleza jambo lote waziwazi, na kila aliyekubali alitakiwa aandike kwa mkono wake mwenyewe katika daftari lake la tiba kwamba amefahamu kuwa huenda akapata upasuaji wa bandia tu, usioweza kuliponya goti lake. Watu 144 walikataa, wakaenda zao. Wakabaki 180. Hao waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: 59 wa kukwanguliwa, 61 wa kusafishwa kwa maji, na 60 ambao ngozi yao ingekatwa matundu matatu madogo na kushonwa, lakini goti lenyewe lisiguswe ndani.

Tazameni wakati kura ilipofunguliwa, maana hapo ndipo pana hekima. Bahasha yenye kura haikufunguliwa kliniki, wala siku iliyotangulia. Ilikabidhiwa mpasuaji wakati mgonjwa amekwisha fikishwa katika chumba cha operesheni. Kama angalijua mapema, yeye au msaidizi wake angaliweza, kwa huruma tu, kumwahirisha mgonjwa fulani mpaka kura nyingine. Kwa yule aliyeangukiwa na kundi la bandia, mpasuaji aliagiza vyombo vyote kama kawaida, akalikunja na kulikunjua goti, na maji yakamwagwa ili sauti yake isikike. Mgonjwa akawekwa mle ndani kwa muda uleule ambao operesheni ya kweli ingechukua. Usiku alilala hospitalini akiuguzwa na watu wasiojua amefanyiwa nini. Halafu wakafuatwa kwa miaka miwili. Matokeo yalipochapishwa Julai 2002 yalionyesha kwamba hapana wakati wowote katika miaka hiyo miwili ambapo waliokwanguliwa au waliosafishwa walikuwa na maumivu machache kuliko wale ambao goti lao halikuguswa. Makundi yote matatu yalisema yamepata ahueni, na kipimo cha ahueni kilikaribiana.

Nawaomba mlifikiri jambo hilo kwa makini. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakikatwa kila mwaka kwa nia njema, na madaktari wema waliwaona wakipona kwa macho yao. Ushahidi wa macho haukuwa wa uongo. Uliokosekana ni mtu wa kulinganisha naye, na mtu huyo hapatikani kwa kuchaguliwa, hupatikana kwa kura. Wako waliosema kwamba ni ukatili kumtia mgonjwa alama ya kisu bila ya kumtibu, nami siwadharau wanaosema hivyo, kwa kuwa dawa za kutuliza na majeraha madogo si kitu cha mchezo. Lakini nionavyo mimi, waliokatwa bure walikuwa ni wale 650,000 wa kila mwaka ambao hawakuambiwa kwamba jambo halijathibitishwa, wala si wale 60 waliokwisha ambiwa na wakaandika kwa mikono yao.

Kuna kasoro moja, hata hivyo, ambayo msikilizaji mwerevu ataiona. Katika makundi yale matatu hapakuwa na kundi la nne la watu walioachwa tu bila ya kufanyiwa lolote. Kwa sababu hiyo jaribio la Houston limetuambia kwamba kisu hakikuongeza kitu juu ya dhana ya kisu. Halikutuambia kama dhana yenyewe ndiyo iliyoponya, au kama magoti yale yangepungua maumivu kwa kupita siku, maana mtu huenda hospitali siku maumivu yalipo makali, na baada ya makali aghalabu huja nafuu. Kila siku nasikia watu wakilisimulia jaribio hili kana kwamba limethibitisha nguvu ya imani juu ya mwili. Halikuthibitisha hivyo. Idadi ya makundi, na kila kundi lipewe nini, ndiyo inayoamua swali gani litajibiwa. Kura hulilinda jibu tu.

Jambo jingine la kiufundi nitalipitia upesi. Kura ikipigwa kwa kila mtu peke yake, kama kurusha sarafu, makundi hayatoki sawa kama watu wanavyodhani: katika watu 20, nafasi ya kupata 10 kwa 10 barabara ni chini ya mara moja katika kila mara tano. Watafiti wa Houston waliliepuka hilo kwa kuwapanga wagonjwa kwanza kwa kadiri ya ubovu wa goti, kisha kupiga kura ndani ya mafungu ya sita sita, hata kila fungu likiisha makundi yanakuwa yamelingana. Wanasaikolojia wengine hukwepa tatizo lote kwa kumfanya kila mtu apitie hali zote, moja baada ya nyingine, na kura huamua tu ipi itangulie. Hiyo ni njia nzuri sana pale ambapo jambo la kwanza halimwachii mtu athari, kama katika mizani ya Peirce. Lakini goti likishakwanguliwa haliwezi kurudi kuwa lisilokwanguliwa, na somo likishafahamika haliwezi kufutwa kichwani.

Tutoke Houston tupande kaskazini mpaka Dallas, katika chuo cha tiba cha UT Southwestern, ambako Profesa John Rush aliongoza jaribio kubwa juu ya sonona lililoitwa STAR*D, lililogharimiwa na serikali ya Marekani na kuwaandikisha zaidi ya watu 4,000 katika kliniki 41 kuanzia mwaka 2001. Nalitaja si kwa ukubwa wake, bali kwa namna lilivyolikabili swali la ridhaa, swali ambalo majaribio mengi huliruka.

Wote walianza na dawa moja, sitalopramu. Waliopona waliendelea nayo. Wasiopona, au waliodhuriwa nayo, walikuwa na njia saba mbele yao, nyingine za kuiacha dawa ile na kushika nyingine, na nyingine za kuiongezea, zikiwemo njia mbili zilizohusu tiba ya kurekebisha fikira kwa mazungumzo. Mtafiti mkali angesema: pigeni kura juu ya zote saba, asiyetaka aondoke. Rush na wenzake, akiwemo mwanatakwimu Philip Lavori, walichagua vingine. Walimwuliza kila mgonjwa zipi katika njia hizo anaziridhia na zipi haziridhii, kisha kura ikapigwa baina ya zile alizoziridhia tu. Aliyechoka na sitalopramu na hataki kuiona tena hakulazimishwa kuingia katika kura ya kuongezewa; aliyeona imemsaidia nusu naye hakulazimishwa kuiacha.

Na ilidhihirika kwamba walifanya vema kuuliza. Katika wagonjwa 1,439 walioingia hatua hiyo ya pili, walioziridhia njia zote walikuwa kama mmoja tu katika kila mia. Fikirini lingekuwa jaribio la namna gani kama wangeng'ang'ania kura ya njia zote: wangebaki na watu wachache mno, tena watu wa ajabu kidogo, wasio na rai yoyote juu ya miili yao wala nafsi zao. Karibu 71 katika kila mia waliikataa tiba ya mazungumzo, na hilo lenyewe ni elimu, ijapokuwa si elimu waliyoikusudia.

Walakini kila hiari ina gharama yake, na gharama hiyo ililipwa katika hesabu. Waliobadilishiwa dawa, takriban robo yao walipona; walioongezewa dawa, takriban 30 katika kila mia walipona. Mtu mwenye papara atasema basi kuongeza ni bora kuliko kubadili. Hawezi kusema hivyo, wala watafiti hawakusema, kwa kuwa kura haikupigwa baina ya kuongeza na kubadili. Wagonjwa walijigawa wenyewe kwa kupenda kwao, na waliochagua kuongezewa walikuwa aghalabu ni wale ambao dawa ya kwanza ilikuwa imekwisha wasaidia kidogo. Kura ilipigwa baina ya dawa na dawa ndani ya kila upande, na hapo majibu yalikuwa safi: dawa tatu za kubadilia zilikaribiana, na mbili za kuongezea zilikaribiana. Hapo ndipo nionapo uadilifu wa kazi ile, kwamba ilijua mpaka wa kauli yake. Palipopigwa kura yako majibu. Palipoachwa hiari kuna habari tu, nayo habari haifai kuvishwa vazi la jibu. Baadaye yametokea mabishano makali juu ya jinsi jumla ya waliopona ilivyohesabiwa katika jaribio hili, wengine wakisema imekuzwa mno, lakini mabishano hayo ni ya hesabu ya mwisho, hayagusi namna ya mgawanyo ninayoisifu.

Mpaka hapa tumesema juu ya mtu mmoja mmoja. Yako mambo ambayo hayawezi kugawiwa kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu binadamu huishi pamoja, husikilizana, huoneana wivu na huambukizana. Katika mwaka wa masomo 2007 na 2008, mchumi Roland Fryer alijaribu katika shule za Dallas kuwalipa watoto wa darasa la pili dola 2 kwa kila kitabu walichokisoma na kufaulu maswali yake kwenye kompyuta, wasizidi vitabu 20 kwa muhula. Shule zilizokubali zilikuwa zaidi ya 40, na kura ilipigwa juu ya shule, si juu ya watoto. Naona kila mzazi ataelewa sababu bila ya kuelezwa: ni nani awezaye kuketi na watoto wawili wa miaka saba kwenye dawati moja, akamlipa mmoja kwa kusoma na kumwambia mwenziwe kwamba kura haikumwangukia? Asiyelipwa angekasirika na kuacha kusoma kabisa, au angemwazima mwenziwe kitabu na kusoma naye, na kwa vyovyote vile yeye asingekuwa tena kipimo cha hali ya kawaida. Miaka michache baadaye, katika mwaka wa masomo 2010 na 2011, jaribio jingine lake lilifanywa Houston katika shule 50, nazo 25 zilipata malipo na 25 hazikupata, kwa watoto wa darasa la tano na wazazi wao, juu ya hesabu.

Matokeo ya majaribio hayo mawili yaniuma, na nitayasema. Huko Dallas watoto waliotahiniwa kwa Kiingereza walionyesha maendeleo ya kusoma, lakini waliotahiniwa kwa Kispania hawakuyaonyesha. Huko Houston hesabu ilipanda kidogo na kusoma kukashuka kwa kadiri iliyokaribia ileile, kana kwamba nguvu ya mtoto ilihamishwa tu kutoka mahali pasipolipwa kwenda mahali palipolipwa. Kama watoto wote wangejumlishwa pamoja, au kama hesabu peke yake ndiyo ingepimwa, tungeambiwa habari nusu. Watoto wetu wanaosoma kwa lugha ya pili wamo katika shule hizo hizo, na mtafiti asiyewahesabu kando katika mahesabu yake kwa hakika amewasahau.

Kwetu Afrika ya Mashariki uko mfano ulio mashuhuri zaidi ya huo. Katika Busia, magharibi ya Kenya, Edward Miguel na Michael Kremer, huyo wa pili akiwa ndiye aliyeshiriki tuzo ya Nobel ya iktisadi mwaka 2019, walizigawa shule 75 za msingi katika makundi matatu ya shule 25 ili kupima faida ya dawa ya minyoo. Hakuna shule iliyonyimwa. Lililogawiwa ni zamu tu, kundi la kwanza likianza 1998, la pili 1999 na la tatu 2001, mfano wa upatu wa akina mama, ambamo kila mmoja atapokea fungu lake na kinachoamuliwa ni nani atangulie. Njia ya zamu huondoa uchungu mwingi, na ndiyo ninayowashauri wanafunzi wetu waanze kuifikiria kila wanapotaka kufanya majaribio katika jamii zetu. Tena uamuzi wa kugawa kwa shule ulifichua jambo kubwa: minyoo ilipungua hata kwa watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa, na kwa watoto wa shule za jirani, kwa kuwa maambukizo yenyewe yalipungua. Kama dawa ingegawiwa kwa mtoto mmoja mmoja ndani ya shule moja, aliyemeza na asiyemeza wangeonekana karibu sawa, na wataalamu wangetangaza kwamba dawa haina faida kubwa.

Lakini mgawanyo wa Busia haukuwa kura hasa. Shule ziliorodheshwa eneo kwa eneo kwa utaratibu uliopangwa, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu mpaka mwisho. Yamkini nafasi ya shule katika orodha hiyo haina uhusiano wowote na minyoo, na wenye jaribio walionyesha kwamba makundi yalifanana vya kutosha. Hata hivyo orodha ni kitu ambacho mtu aweza kukiona kabla, na pale ambapo mtu aweza kujua mapema nani ataangukia wapi, mlango wa shaka hubaki wazi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, mabishano juu ya jaribio hilo yalipozuka upya, namna ile ya kuhesabu orodha ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyashika wakosoaji. Kura ya kweli isingeongeza gharama yoyote. Nasema hivyo kwa masikitiko, kwa kuwa kazi ile iliwafaa watoto wengi na ilistahili msingi usioweza kuguswa.

Nirudi sasa kwa yule mtu wetu aliyeweka kalamu mezani. Simwambii akubali. Namwambia aulize, tena aulize kwa Kiswahili ikiwa Kiingereza chake hakijatosha kubeba jambo zito, na asitumie mwanawe wa shule kuwa mkalimani wa karatasi kama hiyo, maana mtoto atafasiri maneno na kuacha hatari zake. Hospitali kubwa za hapa zina wajibu wa kumtafutia mkalimani. Aulize makundi ni mangapi na kila kundi litapata nini, na kama lipo kundi lisilopata kitu, aulize kama watu wake watapewa baadaye au hawatapewa kamwe. Aulize kama anaweza kuridhia baadhi ya njia na kukataa nyingine, kama walivyoulizwa watu wa Dallas. Aulize nani anajua kundi lake, na siku gani yeye mwenyewe ataambiwa. Aulize, iwapo atakataa, kama matibabu yake ya kawaida yataendelea kama yalivyokuwa. Sheria inataka yaendelee, lakini ni vizuri alisikie hilo kwa kinywa cha anayemwalika. Na ajue kwamba hata baada ya kuweka sahihi ana haki ya kujitoa siku yoyote bila ya kutoa sababu, na kwamba katika karatasi ile ya ridhaa, aghalabu katika ukurasa wa mwisho, huandikwa nambari ya simu ya kamati inayowalinda washiriki, ambayo si ofisi ya mtafiti mwenyewe, nayo hupokea maswali ya mtu yeyote kabla ya sahihi na baada yake.